Mdundo wa Kumvusha Tata Mlangoni

Jirani yangu wa nyuma anakamua ndizi leo. Sijamwona, wala sina haja ya kuchungulia. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika dukani pale kwenye kona najihesabu msafiri, na mambo mengi ya mtaa wetu wa Hamugembe hunifikia kwa njia ya pua. Harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, pamoja na majani makavu na jasho la miguu ya mwanaume, imeingia dirishani ikakaa kwenye kochi kama mgeni asiyejua kuaga. Nimelifunga dirisha. Nimelifungua. Nimelifunga tena. Mwishowe nimekaa kuandika, maana kupika kumenishinda.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa, lakini watoto wenu wanadhani rubisi, pombe yetu ya ndizi, huzaliwa kwenye chupa, basi niseme kidogo. Ndizi za pombe zikishaiva humenywa na kutiwa kwenye mtumbwi. Si mtumbwi wa ziwani. Huu ni gogo lililochongwa likapewa tumbo refu, linakaa kibanjani chini ya migomba. Juu ya ndizi hutandikwa majani, kisha mwanaume aliyenawa miguu anaingia, anashika mti uliofungwa juu ya kichwa chake asije akateleza, anaanza kukanyaga mpaka maji matamu yajitenge na makapi. Kazi ni ya miguu, ila siri yake ni mdundo. Asiye na mdundo huchoka kabla ndizi hazijalegea, au huteleza akakalia pombe ya watu.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa na mdundo. Mguu mmoja mzito, halafu miwili myepesi ya harakaharaka, halafu mzito wa upande wa pili. Pwaa, cha-cha. Pwaa, cha-cha. Hakuimba, hakupiga filimbi, hakuwa na lolote la kumsindikiza zaidi ya nyayo zake na ule mlio wa majani yaliyolowa. Hata hivyo watu walioleta ndizi walijikuta wanatikisa vichwa, na mama mmoja mwenye mimba aliwahi kusema mtoto wake tumboni amegeuka kumsikiliza Ta Deo, ndivyo walivyomwita Tata. Waliokuwa na sherehe walimfuata asubuhi kabla umande haujakauka. Mimi nilikaa kwenye mzizi nikimtazama, na kwa akili zangu niliamini kwamba dunia nzima inasogea kwa sababu Tata anaikanyaga.

Nawaambia mapema msije mkakaa mnasubiri muujiza: Tata hakupona.

Ugonjwa ulianzia mkononi. Kidole gumba cha kulia kilianza kusugua kidole cha shahada, polepole, bila kukoma, hata misa ikiendelea. Majirani walisema Ta Deo anachambua kahawa isiyoonekana. Nami nikaamini. Nilikuwa najibanza karibu yake nikiivizia punje idondoke niitafune, na siku zilivyopita bila punje hata moja nikaanza kumwona mchoyo.

Kisha miguu ikafuata. Njiani alikwenda vizuri, tena wakati mwingine haraka kuliko alivyotaka, lakini akifika mlangoni anakwama. Nyayo zinaganda sakafuni kana kwamba mtu kazipigilia misumari. Kifua kinataka kwenda, miguu haitaki, magoti yanatetemeka katikati ya ugomvi huo, na uso wake unaingiwa na aibu ya mtu aliyekamatwa akiiba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mae, mama yangu, alikuwa anasimama nyuma yake na beseni la vyombo, anamwambia taratibu na kwa heshima, pita basi, waitu. Hapiti. Mimi nilidhani anasikiliza kitu. Nilikuwa nakuja kusimama kando yake, nami natega sikio, na nikisikia kuku tu namuuliza kama ni kuku.

Tulikwenda hospitali tukarudi na vidonge vilivyosaidia kidogo na kuisha upesi. Siku hizi najua ugonjwa ule una jina lake, na kwamba milango imewakwamisha wengi wenye ugonjwa huo, hata katika nchi ambazo milango yake inajifungua yenyewe. Zamani zile sisi tuliujua mlango tu. Na mlango ukimkwamisha mwenye nyumba, kwetu swali huwa moja: nani kazika nini pale chini?

Kulijibu swali hilo alikuja Baba Mdogo, mdogo wake Tata, kutoka kwao Kimwani. Alisafiri na jembe lake mwenyewe, kana kwamba Bukoba hakuna majembe. Akavunja kizingiti, akachimba asubuhi hadi shimo likafika magotini. Akatoa kizibo cha soda, jino la kitana, na msumari. Kizibo na kitana vilisamehewa. Msumari ulijadiliwa mchana kutwa. Baba Mdogo alisema ndio wenyewe, mnauona ulivyopinda, umepindwa kwa makusudi. Mae alisema ule ni msumari wa fundi aliyeweka mlango, tena fundi huyo anamfahamu, alikuwa hodari wa kupinda misumari na kuificha. Baba Mdogo akautia motoni uungue. Msumari haukuungua. Hilo kwake likawa ushahidi kamili.

Shimo lilibaki. Kuku wakaligeuza bafu la vumbi, mgeni mmoja akatumbukia na kikombe chake cha chai, na Tata sasa akawa na sababu halali ya kukwama. Wakaamua atumie mlango wa jikoni. Akakwama na pale. Baba Mdogo akalitazama jembe, Mae akamtazama Baba Mdogo, na kesho yake shemeji yake mpendwa akarudi Kimwani.

Ikawa ndiyo maisha. Tata anaamka, anakwama, anasukumwa, anakaa kwenye benchi la uani. Jioni anakwama akirudi ndani. Ndizi za watu alikuwa hakanyagi tena. Nani anataka rubisi iliyokanyagwa na mtu aliyerogwa miguu? Mae akawa anauza mboga sokoni kuanzia asubuhi, na mtumbwi wetu ukageuzwa kifudifudi, nyasi zikauotea ubavuni. Kwao Kimwani Tata hakwenda tena. Bibi, mama yake Tata, alikuwa anaishi kule, na alizoea kumwona mwanawe mkubwa kila mavuno ya kahawa. Msimu ukapita, mwingine ukapita. Tata alisema hawezi kwenda kukwama mlangoni kwa mama yake mbele ya watu. Bibi aliambiwa mwanawe ana kazi nyingi. Sisi wote tulijua Bibi haamini.

Mchana mmoja Mae akiwa sokoni, nilikaa uani na dumu tupu la mafuta ya kula, lile la njano, na ndala yangu ya kushoto mkononi. Mnakumbuka wenyewe: ukilipiga dumu mdomoni kwa soli ya ndala unapata sauti nene ya tumbo, na ukiligonga ubavuni kwa vidole vya mkono mwingine unapata sauti kavu. Bum, ta-ta. Bum, ta-ta. Sikuwa natunga kitu. Nilikuwa naiigiza miguu ya Tata ndani ya mtumbwi kwa sababu niliikosa, kama mtu anavyopika chakula cha kwao akiwa ugenini, hata kama hakifanani.

Sikujua kwamba amesimama mlango wa jikoni, amekwama, sijui tangu saa ngapi. Nilichoona ni mguu wake wa kulia ukinyanyuka juu, juu kabisa, goti likifika karibu na kiuno, ukatua nje ya kizingiti kwenye bum. Miwili myepesi ikafuata. Kisha wa kushoto, mzito. Akaja uani akikanyaga hewa kama anavyokanyaga ndizi, akapita benchi lake bila kulitazama, akaelekea kwenye mparachichi. Mdomo wangu ukaachama, na mkono nao ukasahau kazi. Dumu likanyamaza. Tata akaganda pale pale, akayumba, akaushika mti.

Tukatazamana. Nilisubiri kugombezwa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akauzunguka mparachichi, akarudi mlangoni, akaingia ndani, akatoka, akaingia. Alikuwa anacheka kicheko ambacho sikukifahamu, cha pumzi tupu, machozi yakimshuka hadi kwenye kidevu. Mimi nilipiga hadi ndala ikakatika kamba.

Sasa msifikiri ilikuwa furaha tangu hapo. Kwanza, mdundo ule kila mtu wa Hamugembe aliujua ni wa nini. Siku ya pili tu alikuja jirani na jagi mkononi, anauliza kwa adabu kama leo mnakamua. Akaja mwingine na chupa ya chai. Walipomwona Ta Deo anatoka chooni kwa mwendo wa mtumbwini, magoti juu, na binti yake nyuma na dumu, walirudi na vyombo vyao bila kusema, na kwa namna walivyofunika midomo nilijua watasema wakifika. Mae naye, alipouona mwendo ule mara ya kwanza, aliingia jikoni akalia na kitunguu mkononi ili awe na kisingizio. Kisha akaniita. Akasema hii ni ngoma ya pombe, na katika nyumba hii Jumapili haitapigwa. Kwa hiyo Jumapili Tata alikwama, na misa akaisikilizia kwenye redio.

Pili, na hili sikumwambia mtu, kulikuwa na somo la sayansi. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu alituambia tuweke mkono kifuani, tusikie, moyo unapiga. Akasema moyo ukiacha kupiga mtu amekufa. Wenzangu wakaandika. Mimi nilikaa nikiuhisi wangu: bum, bum. Nikaelewa kila kitu, kama mtoto anavyoelewa, yaani vibaya na kabisa. Moyo wa Tata umechoka kupiga. Ndiyo maana miguu inasimama. Mimi ndiye ninayempigia sasa. Na nikiacha?

Kuanzia siku hiyo sikuacha. Nilipiga penseli kwenye dawati, nikapiga ulimi kwenye meno nikila, nikapiga kidole ukutani kitandani mpaka usingizi unichukue, na asubuhi nilishtuka kwa hofu kwamba nimelala, nikakimbia kumtazama kama anapumua. Darasani mwalimu alivumilia, akachoka, akanitoa nje. Kwangu hiyo ilikuwa ruhusa. Nilikimbia kutoka shuleni hadi nyumbani, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, nikamkuta Tata kwenye benchi anamenya maharage. Yu hai. Mtu mwenye akili timamu angesema: basi, haihitajiki. Mimi nilisema: mdundo wa penseli umemfikia. Nikapiga zaidi. Kiganja kikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Mae alinipaka mafuta akiuliza nimeshika nini. Nilisema jembe. Katika maisha yangu yote sijawahi kutuhumiwa kushika jembe, lakini siku hiyo aliniamini kwa sababu na yeye alikuwa amechoka.

Ndipo simu ikaja kwa jirani. Bibi amefariki.

Tata aliletewa habari akiwa benchini. Kidole gumba kiliongeza mwendo. Mae alifunga kanga mbili kwenye begi, akatafuta gari la ndugu waliokuwa wanaelekea huko, na nilipolibeba dumu akalichukua mikononi mwangu akaliweka juu ya kabati. Alisema hawezi kuingia kwenye msiba wa mama mkwe wake na ngoma ya rubisi, afadhali aende bila nguo. Tata alimsikia, akatazama chini.

Kimwani tulifika watu wameshajaa. Tulimwingiza Tata kwa kumvuta na kumsukuma, Mae mbele, mimi nyuma, watu wakidhani ni uchungu unaomlegeza, na kwa mara ya kwanza kukwama kwake kukawa na heshima. Tulimkalisha chumba cha mbele karibu na jeneza. Mimi nilitumwa jikoni kuosha ndizi, na jikoni ndiko mambo yote yanakosemewa. Wanawake walisema mwana mkubwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Walisema Bibi alimngoja misimu yote ile, akawa anatoka kila gari likisimama barabarani. Mmoja, mwenye sauti ya kujua, akasema mama akimkataa mwanawe, miguu ya mwana haifiki kaburini, tutaona leo. Nilizidi kuosha ndizi iliyokwisha kuwa safi.

Niliporudi chumba cha mbele, Baba Mdogo alikuwa na mpango. Alikuja chumbani na vijana wanne, akainama sikioni kwa Tata, akamweleza kwamba watambeba na kiti mpaka kaburini, atatupa udongo, watamrudisha, mambo yameisha. Mae akasema ni wazo zuri. Nadhani ndilo wazo pekee la Baba Mdogo alilowahi kulisifu.

Tata akatikisa kichwa.

"Kwenye msiba anabebwa mmoja tu," akasema.

Wakambembeleza. Hakurudia wala hakubadili.

Jeneza likatoka. Wimbo ukaanza nje, wale wa kwaya ya kigango wakiuburuta kama inavyostahili. Tata akasimama, akamfuata mama yake hatua kadhaa vizuri kabisa, akafika kizingitini, akaganda. Nyuma yake chumba kizima kilikuwa kinataka kutoka. Watu wakajazana, wakasukumana, mtoto akalia, na nje waliobeba jeneza wakageuka kuona kwa nini mwana mkubwa hafuati. Kaburi lilikuwa kibanjani nyuma ya nyumba, si mbali, ungeweza kurusha parachichi likafika. Niliona kifua chake kinakwenda mbele na miguu inabaki. Niliuona uso wake. Huko nje, kati ya migomba, yule mwanamke wa jikoni alikuwa anatazama kwa utulivu wa mtu aliyeshatoa hukumu.

Mimi nilitoka nje kwa kupitia dirishani. Sijivunii, dirisha lilikuwa chini. Karibu na pipa la maji kulikuwa na dumu la kunawia mikono. Nikalimwaga lote, maji yakawalowesha wazee wawili, nikavua ndala, nikakaa chini matopeni mbele ya mlango.

Bum, ta-ta.

Wimbo ukakatika vipandevipande, kwanza wanawake, kisha wanaume, mwisho katekista peke yake, naye akasimama katikati ya neno. Kimya kile sijawahi kukisikia tena mahali popote. Katika kimya hicho, mguu wa kulia wa Tata ukanyanyuka, goti likapanda, ukavuka kizingiti.

Akatoka. Alikuja kwa ule ule mwendo, hakuwa na mwingine wa kuazima: magoti juu, kisigino kizito, nyayo mbili nyepesi, mikono imeinuliwa kidogo kana kwamba imeushika ule mti wa juu. Amevaa koti la suti. Kwa asiyejua, na pale zaidi yangu na Mae hakuna aliyejua, Ta Deo alikuwa anacheza kwenye mazishi ya mama yake. Kijana mmoja akacheka, akazabwa kofi. Wengine wakageuza nyuso wakatazama migomba. Bikizee mmoja wa jirani, aliyekaa chini na fimbo yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu anamkanyagia mama yake rubisi ya mwisho." Mpaka leo sijui alikuwa anakejeli au anabariki.

Katikati ya njia, shangazi mmoja wa ukoo alinifikia. Akanishika sikio, akanivuta juu, dumu likaanguka. Tata akaganda na mguu mmoja mbele, peke yake kati ya nyumba na kaburi, watu wote wakimtazama, akaanza kuinama taratibu upande kama mgomba uliozidiwa na mkungu.

Mae alikuwa amefunika uso kwa kanga tangu mdundo uanze. Akaifunua. Akamjia shangazi.

"Mwache mtoto apige," akasema.

Shangazi akauliza kama ana akili, mbele ya maiti. Mae aliutoa mkono wa shangazi sikioni kwangu kidole kimoja kimoja, akaokota dumu, akalifuta tope kwa kanga yake ya msibani, akanipa.

Nikapiga. Tata akanyooka. Akafika.

Akainama kuchukua udongo, na mkono ukawa unatetemeka kiasi kwamba udongo haukutupwa. Ulichuruzika vidoleni kidogokidogo, ukadondoka juu ya jeneza kwa muda mrefu kuliko udongo wa mtu yeyote aliyefuata. Hakuna aliyemharakisha. Alisema kitu mdomoni, nafikiri alikuwa anamweleza kuhusu milango, lakini siwezi kuapa. Kisha Baba Mdogo akatupa wake, kisha wengine, majembe yakaanza kazi.

Kama mimi ningekuwa mtunzi wa hadithi ningeishia hapo, watu wakilia na mbingu ikifunguka. Ila mazishi yana upande wa pili, nao ni wa kurudi. Kaburi lilipofunikwa na sala kwisha, watu wakaondoka kwenda kula. Tata akabaki ukingoni mwa lile tuta jipya. Nikajua zamu yangu imefika. Nikapiga.

Hakwenda.

Nikapiga tena, nikaanza upya, nikaongeza nguvu, nikapunguza, nikasogea mbele yake kama anayemwita mtoto anayejifunza kutembea. Mguu ulitetemeka, kisigino kikainuka kidogo kikarudi chini. Ndala ilikuwa imelowa na sauti yake ilikuwa inakufa. Nikaitupa, nikapiga kwa kiganja kitupu, yale malengelenge yote yakafunguka. Watu wa mwisho walipita kando yetu wakiongea mambo ya barabara na bei ya kahawa. Baba Mdogo alirudi akasimama, akamwuliza kwa ishara kama alete wale vijana. Tata akatikisa kichwa. Baba Mdogo akanitazama mimi, akataka kusema neno, akaondoka.

Sasa tulikuwa wawili na kaburi. Nilikuwa nalia bila kujua, nikipiga, nikimwambia Mungu kwamba nimekosa kulileta dumu letu, hili la watu halifiki. Kwa hesabu zangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Moyo wake uko mwisho. Nikinyamaza, hapa hapa, karibu na Bibi, atakufa amesimama, na shimo wameshalifukia.

"Koku," Tata akasema. "Acha."

Nikapiga kwa nguvu zaidi.

"Mkono wako unatoka damu, mama. Acha."

"Nikiacha?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, si kama watu wazima wanavyojifanya.

"Ukiacha nitasimama."

Sikumwamini. Nilipiga mara chache za kuaga, dhaifu, zisizo na mpangilio, halafu vidole vikaniishia. Dumu likanyamaza. Nikafumba macho nisimwone akianguka, nikasubiri. Nikasikia majani ya migomba. Nikasikia sahani kule nyumbani. Nikasikia mtu anavuta pumzi puani, kwa tabu kidogo kwa sababu ya mafua ya kulia, anaitoa, anavuta nyingine. Nikafumbua jicho moja. Tata alikuwa palepale, mzima, koti limejaa udongo, anatazama kaburi la mama yake kama mtu aliyefika mahali na hana haraka. Nikanyanyuka kutoka matopeni nikasimama kando yake. Akaushika mkono wangu, ule mbaya, polepole, akaufunika wote kwa mkono wake unaotetemeka.

Mvua nyepesi ilikuwa imeanza Mae alipokuja. Alikuwa na sahani moja ya ndizi na maharage ameifunika kwa sahani nyingine. Alitembea haraka, akapunguza mwendo alipoliona dumu limelala chini, akaitazama miguu ya Tata, kisha mimi.

"Amekwama?" akaniuliza.

"Hapana, Mae. Amesimama."

Mae akafunua sahani, akaja upande wa pili wa Tata, akasimama.